Mafuta ya Juu ya Pipa

Ku Bunia hapa kuna bamama bananiitaka mpaka leo Mama Pine, na kama ukisikia jina hiyo ku soko usinihurumie, juu nililitafuta mwenyewe, na ukweli ni asema batu balinionea huruma, jina balipashwa kunipa iko mubaya zaidi. Jina yangu ya haki ni Mama Neema. Niko mujane, niko na mutoto mumoja tu, Neema, hakuna mwingine mbele wala nyuma. Na nimeuza mafuta ya mawese miaka mingi mpaka mikono yangu ikabaki na rangi yake (angalia hapa ku makucha, ata ninawe na sabuni mara tatu, haitoki). Kwa hiyo mafuta ninaijua, na niliringa sana juu ya kujua, njo shida yote ilitokea hapo.

Kuko enjenieri mumoja, mutoto wa hapa hapa, alienda kusoma mambo ya mupira mbali, akarudi, akafungua atelie yake, karakana, nyuma ya soko. Kazi yake ni kuvalisha pine, tairi za moto (siyo moto ya kuwaka, ni pikipiki): unamuletea pine imelika mpaka inaangaza kama kipara, yeye anaiparua, anaweka juu ngozi mupya ya mupira, anaifunga mu chuma ya moto sana, na pine inatoka na meno tena. Ngozi hiyo anaitengeneza mwenyewe. Mupira mubichi inatoka kule mu mashamba ya upande wa pori, anaipitisha katikati ya magogo mbili ya chuma inayozunguka, anatia unga nyeusi ya moshi, anatia kiberiti ya unga, na anatia mafuta, juu mupira bila mafuta inakuwa kaidi, inapasuka mbele ya kuivaa.

Zamani mafuta hiyo ilikuwa ya petroli, nyeusi, nzito, inafika na malori ya upande wa Mahagi, na inanuka mpaka jirani anafunga dirisha. Batu ya kazi balikuwa banakohoa, ngozi ya mikono inabanduka. Enjenieri alikuwa anatueleza asema ile mafuta iko na sumu inaweza kuleta ugonjwa mubaya mu mwili, na tena pine ikilika mu barabara, vumbi yake haipotei, inaingia mu pua ya batoto na mu maji tunakunywa. Sasa siye, alisema, tuko na mawese mu inchi yetu, mafuta ya muti, kwa nini tununue sumu ya mbali? Akatafuta mutu anajua mawese. Batu balimuonyesha mimi, na siku ile nilirudi nyumbani nikitembea polepole ili jirani bote banione.

Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya pipa, kidole juu kama mwalimu, akaniambia sheria yake. Asema mawese iko mafuta mbili mu pipa moja: kuna laini, ile nyekundu ya maji-maji, inakaa juu, na kuna ngumu, ile inaganda na baridi ya Bunia, inashuka chini. Kila asubui niwashe moto chini ya pipa, yote iyeyuke, nikoroge mpaka ikuwe kitu kimoja, kisha njo nichote. Nisichote ata siku moja ya juu peke yake. Sababu ngumu ikibaki peke yake haipatani na mupira, inakaa mule ndani kwa nguvu, na kisha inatoka nje kama jasho, pine inakuwa imepakwa mafuta bila mutu kuipaka. Nilisema ndiyo, enjenieri. Lakini mu roho yangu nilisema, huyu alizaliwa nikiwa tayari ninauza mawese, leo anakuja kunifundisha.

Miezi ikapita, kazi ikaenda muzuri. Na katikati hapo Neema akapata muchumba, Deo, motari, anabeba batu ku moto yake, kijana mutulivu, babake mutu wa ziwa, wa upande wa Kasenyi. Sasa lazima nieleze kitu, juu bila hiyo habari haieleweki. Kwetu mama-mukwe na mukwe hawacheki pamoja. Hamushikani mukono, hamuangaliani mu macho, hamugusani kabisa, na kama uko na neno kwake unamupitishia mutoto wako. Yeye akipita unageuka kidogo, ukipita yeye anashuka ku moto na anainama. Njo heshima. Nilikuwa nimemujua Deo karibu mwaka muzima, na kama ungeniuliza macho yake iko namna gani, singejua.

Bakwe balitangaza asema banakuja Jumamosi kuleta mbuzi na kuomba mutoto. Na hapa sasa njo nilikosea. Siku ile ilikuwa Alhamisi, baridi ya asubui iko kali, niko peke yangu mbele ya pipa ya atelie, nimefungua kifuniko, na juu kuko mafuta laini, safi, inaangaza, nyekundu ya haki. Ku soko wiki ile mawese ilikuwa mubaya, wauzaji bameichanganya na kila kitu. Nikafikiri sombe ya bakwe, yale majani ya muhogo. Nikafikiri bamama ya ziwa banakula, mafuta inaganda ku midomo yao, banaangaliana kwa pembeni, na wakirudi kwao banasema mama ya bibi-harusi alitupikia sabuni. Aibu hiyo nilikuwa ninaiogopa kuliko kitu chote mu dunia (fikiria, nilikuwa ninaogopa kitu kama hicho). Nikachukua bido yangu, kidumu ya litre tano, nikachota ya juu polepole, nikafunga na kitambaa, nikaiweka chini ya mukeka wangu. Nilijiambia asema nitairudisha Jumatatu.

Kisha nikawasha moto. Ile ilibaki ikayeyuka, na mawese ikiwa moto yote inafanana, nyekundu, maji-maji, hakuna mutu anaweza kujua. Siri ya mutungi anaijua kata, na kata ilikuwa mu mukono yangu. Enjenieri akapita, akaangalia, akasema muzuri Mama Neema, nami nikachotea mashini kipimo kilekile kama kila siku. Mafuta ni mafuta, nilijiambia.

Ijumaa pine sita zilitoka, nzuri, nyeusi, meno imekaa wima. Enjenieri alifurahi sana, na juu alijua bakwe yangu banakuja, alitoa mbili, akasema ni zawadi ya atelie kwa Deo, na Deo atakuwa mutu wa kuzijaribu. Lakini ndani ya muji tu, akasema, siku tatu, asishuke mutelemuko wa Kasenyi mbele ya siku tatu. Nikapitisha neno kwa Neema, Neema akapitisha kwa Deo, na jioni ile Deo akazifunga ku moto yake. Neema aliniambia alikuwa anaziangalia kama mutu anaangalia viatu vipya. Nilisikia muzuri sana mu roho.

Jumamosi asubui, kabla jua haijapanda, habari inafika: gari ya kutuletea samaki imekufa chini, ku Kasenyi, haipandi leo. Shangazi ya Neema, dada mukubwa ya marehemu bwana yangu (mama mukali, anaongea kama anapiga misumari), alishika kichwa. Alisema utakaribisha batu ya ziwa bila samaki, ni kama kubaambia barudi kwao. Deo alikuwa kwa lango, amekuja kuleta viti. Akamwambia Neema asema yeye anaweza kushuka mbio, kabla ya bageni kufika atakuwa amerudi. Na Neema akasema naye anaenda, juu mwanaume hajui kuchagua samaki. Baligeuka bote kuniangalia mimi. Sheria ya siku tatu ilinipitia mu kichwa, ninakuapia ilipita, niliiona, na nikaiacha ipite. Nilisema nendeni. Ni kinywa hii ilisema, si ya mwingine.

Bakwe balifika mapema (bageni ya maana banafikaka mapema siku hauko tayari). Baba Deo mbele, muzee murefu, kofia mu mukono, nyuma yake bamama tano na bababa bane na mbuzi zinalia. Tukabaketisha, tukasema samaki iko njiani, muanze na sombe na nyama kidogo. Nikapakua kwa mikono yangu. Mafuta ilikuwa inaangaza juu ya sombe, haigandi, na mama mumoja akauliza mafuta hii munaitoa wapi, ni ya muzuri hivi. Nikasema ku soko, unajua kuchagua tu. Nilikuwa ninaelea kwa furaha.

Hapo njo enjenieri akaingia. Nilikuwa nimemualika. Hakukuja na uso ya karamu. Alisalimia bakwe, akapokea sahani, lakini hakukaa, akanikaribia pale nimesimama na mwiko, akaniambia kwa sauti ya chini asema amepita ku atelie, na zile pine nne zilibaki ku rafu zimetoka jasho. Nyeupe, mafuta, amepitisha kidole na kidole inateleza. Akaniuliza kama Alhamisi nilikoroga pipa muzuri. Nikasema nilikoroga. Akaniuliza kama nilichota ya juu. Nikasema hapana. Hiyo ilikuwa uongo ya kwanza, na ilitoka mbio, ata haikunisumbua.

Akapumua kidogo. Akasema basi labda ni baridi tu, jambo dogo, tutaziangalia Jumatatu. Kisha akageuza kichwa, akaangalia lango, akauliza kwa sauti ya kawaida, Deo iko wapi na zile mbili. Baba Deo njo alijibu, na alijibu kwa majivuno kabisa, juu alisikia jina ya mutoto wake. Alisema: "Ameshuka Kasenyi na bibi yake, kututafutia samaki."

Enjenieri akaweka sahani chini.

Mimi sijui kusema vizuri kitu ilinipata. Masikio ikajaa kelele. Nikaangalia jua, na jua ilikuwa imepanda sana, na bao, Neema na Deo, balipashwa kuwa bamerudi kitambo. Nikaingia mu nyumba, nikachukua telefone, nikapiga kwa Neema, na yule mwanamuke wa telefone akaniambia mutu haiko mu rezo. Nikapiga tena. Nikapiga kwa Deo (mimi, kupigia mukwe, kitu sijawahi), mwanamuke yuleyule. Weye unajua ile barabara. Unajua pale inaanza kushuka, mulima upande moja na upande mwingine hakuna kitu, ni hewa tu, na chini kabisa ziwa. Nilianza kuona kona moja-moja mu kichwa, na kila kona nilikuwa ninamuona Neema, mikono yake imemushika Deo kiunoni, na chini yao pine mbili zinatoka jasho. Nilimuzaa kwa shida yule mutoto. Nilikaa ku kitanda.

Enjenieri akanifuata mpaka ku mulango. Hakupiga kelele, na ingekuwa afazali apige. Alisema Mama Neema, ninakuuliza mara ya pili juu iko na maana: kama mafuta ilikuwa kamili, inatoka kidogo mu baridi na inaisha, ninaweza kungoja bao hapa. Lakini kama laini ilitolewa, mule ndani kuko ngumu tupu, itatoka mpaka mwisho, na ikipata joto ya barabara na muzigo, ile pine ni sabuni. Niambie, niende ao nisiende.

Nje bakwe balikuwa bamenyamaza. Nyumba yetu iko na kuta za mbao, kila kitu inasikika. Nilijua nikisema, bote banasikia, harusi inaweza kufa pale pale, na kazi yangu inakufa, na jina yangu ku soko inakufa. Nilijua pia asema kila dakika ninafikiri, bao banazunguka kona ingine. Na unajua, ni aibu, nitakuambia ukweli, nilifikiri! Mutoto wangu iko juu ya shimo na mimi nilikaa pale ninafikiri jina yangu. Sijui ni dakika moja ao ni mbili. Hiyo njo kitu mpaka leo sijajisamehe, kuliko bido.

Muficha uchi hazai, bazee balisema. Nikatoka nje mpaka katikati ya batu, nikanyoosha mwiko kwa sufuria ya sombe, nikasema:

"Mafuta laini iko hapa. Muko munaikula. Niliiiba."

Baba Deo alikuwa na vidole vitatu mu kinywa, akavitoa polepole, akaviangalia, vinaangaza. Akauliza kwa adabu kabisa kama mafuta hiyo ni ya mipira. Nikaanza kueleza asema hapana, muzee, ni mawese tu, ni safi, ni ileile munakulaka kwenu, ila pipa yake njo ilikuwa ya atelie, na kila neno nilikuwa ninaongeza lilikuwa linaharibu lingine. Mama yule alisifu mafuta akasimama, akaenda nyuma ya nyumba, akamwaga sahani yake kwa kuku (kuku zilikula bila shida, lakini nani anauliza kuku). Shangazi akafunika uso na kitenge. Mimi nilikuwa nimesimama tu, machozi inashuka, ninasema batakufa, batakufa, nendeni, batakufa.

Hapo aibu yote iliisha. Enjenieri alikuwa tayari anawasha kamionete yake. Baba Deo akapanda mbele, bila kofia. Mimi singeweza kukaa karibu na baba ya mukwe, ata siku ile, ona namna desturi inakaa ndani ya mutu, nikapanda nyuma, mu sanduku ya gari, na kitenge yangu ya karamu, miguu bila viatu. Bakwe bote balisimama kwa lango kutuangalia. Nikasikia shangazi anaanza kuimba wimbo ya kanisa, na ilikuwa ile banaimbaka ku kilio, nikamulaani mu roho, Mungu anisamehe.

Ile njia yote niliogopa namna sijaogopa ata siku tulikimbia vita na mikeka ku kichwa. Vumbi ilinijaa mu macho, nilikuwa ninashika chuma ya gari na mukono moja na ninaangalia kila moto inatoka mbele yetu. Moto nyekundu, siyo bao. Moto na mama na mutoto, siyo bao. Kwa barieri askari alitusimamisha, akanizunguka, akaniuliza mama, unaenda wapi na mwiko. Njo niliona asema mwiko bado iko mu mukono yangu, na sombe imekauka juu yake. Batu balikuwa pale balicheka. Nikamwambia ninaenda kuchukua mutoto wangu, na sijui aliona nini mu uso yangu, hakucheka tena, akainua kamba.

Tukaanza kushuka. Kona ya kwanza, hakuna. Kona ya pili, hakuna. Enjenieri alikuwa anaenda polepole na kila mara anasimama kuangalia chini ya shimo, na kila mara akisimama mimi nilikuwa ninafunga macho, juu nilisema mutu mwingine aangalie, si mimi. Nilimuahidi Mungu vitu vingi pale, vingine sikuvitimiza mpaka leo.

Kona sijui ya ngapi, tukaona batu. Motari wengi, moto zimesimama ovyo mu barabara, batu bameinama duara. Na mbele ya batu, mu vumbi, samaki. Samaki zimetawanyika barabara nzima, kubwa, nyeupe tumbo juu, na moja ilikuwa imefika mpaka ku ukingo wa shimo. Nilisikia sauti ya mwanamuke analia na sikujua asema ni yangu.

Gari haikusimama vizuri, niliruka. Nikaanguka, kitenge ikanasa ku chuma ya gari, ikabaki kule, na mimi nikakimbia na jipo, nguo ya ndani, peke yake, mama muzima, mujane, mwimbaji wa kanisa, mbele ya motari bote ya Bunia na Kasenyi, ninasukuma batu na mwiko. Duara ikafunguka. Moto ilikuwa imeteleza, imelala, lakini imelala upande wa mulima, kichwa mu majani, na Neema alikuwa ameketi juu ya jiwe, kiwiko inatoka damu, viatu mu mukono, ananiangalia kama mutu anaona wazimu. Akasema: "Mama, nguo yako iko wapi?"

Nikamushika. Nikamupapasa kichwa, mabega, miguu, kama mutu ananunua mbuzi. Muzima. Na nyuma yake alikuwa amesimama Deo, suruali imepasuka, uso vumbi tupu, na mimi, sijui ni nani alinituma, nilimuacha Neema na nikamukumbatia Deo. Mukwe wangu. Kwa mikono mbili, kifua kwa kifua, na jipo yangu, nikilia ku shingo yake, mbele ya babake. Motari wengine baligeuza uso. Muzee mumoja wa njiani alitema mate pembeni. Baba Deo alisimama pale na mikono chini, na hakuna mutu alicheka, na hiyo njo ilinionyesha ukubwa wa kitu nilikuwa ninafanya. Lakini sikumuacha. Roho yake ilikuwa inapiga, nilikuwa ninaisikia, na nilitaka kuisikia tena.

Niliomba musamaha. Nikamwambia yote, Alhamisi, bido, sombe, nikimuangalia mu macho (iko na macho ya rangi ya kahawa, na kovu kidogo juu ya moja, sasa ninajua). Nikasema pine zile nilizifanya mimi na nilijua kuna sheria na nikamutuma.

Deo akaangalia chini, na kisha, polepole, akainua macho. Yeye alikuwa hajawahi kuniambia neno moja kwa kinywa yake mwenyewe. Alisema:

"Mama, niliona. Asubui nilikuta pine zinatoka mafuta, nikazipangusa na kitambaa. Chini ku Kasenyi nikazipangusa tena. Lakini zilitoka mu mukono yako. Ningeanza namna gani kukuambia asema kazi yako iko mubaya?"

Na Neema akasema, sauti kidogo, asema naye aliona, na Deo alimuomba anyamaze, asimutie mama haya siku ya bakwe.

Nilikaa chini mu barabara, katikati ya samaki. Magogo ya mashini yangenipitia ningesikia afazali. Mimi nilinyamaza juu ya aibu, na yeye alinyamaza juu ya heshima, na katikati ya kunyamaza mbili mutoto wangu alipita juu ya shimo mara mbili, kushuka na kupanda, na bote batatu tulikuwa tunajua, kila mutu kipande yake. Enjenieri alikuwa amechuchumaa karibu na moto, anapitisha kidole ku pine. Baba Deo njo alienda ku gari, akafungua kitenge yangu ile ilinasa, akaitikisa vumbi, na akaileta, akageuza kichwa na kuninyooshea.

Harusi haikuvunjika. Nilitoa mbuzi kwa kosa ya kumugusa mukwe, juu desturi ni desturi, na kanisani nilikaa benchi ya nyuma muda mrefu bila kuimba. Pine sita zile enjenieri alizikata mbele ya macho yangu, zote, na ku kazi hakunifukuza, lakini alinisimamisha mbele ya batu ya atelie nikasema mwenyewe kitu nilifanya, kwa kinywa yangu. Bido sijagusa tena, na sitagusa.

Siku hizi Deo njo mutu wa kujaribu pine zetu. Asubui anafika ku atelie, haniinamii, hageuki. Anaweka pine chini mbele ya miguu yangu, ananiangalia mu macho, na kama iko mubaya ananiambia, mama, hii iko mubaya, haifai. Bamama ya soko banapita pale, banasikia kijana anaongea hivyo na mama-mukwe wake, banafunga kinywa na kitenge, banasema nyumba ile haina heshima tena. Ninabaambia ndiyo, haina, na ninamwambia Deo aseme kwa nguvu zaidi.